Daftari la Mwanagenzi

Mhitimu wa chuo Tanzania akishavua joho, kila shangazi anamuuliza: umeshapata kazi? Kabla ya hapo hakuna aliyekaa naye wakaulizana kazi gani inamfaa. Tahasusi ilitokana na alama za kidato cha nne, shahada ikatokana na ufaulu wa kidato cha sita na kozi ipi ina mkopo. Sasa anafungua akaunti ya Ajira Portal na kusubiri usaili, huku akijitolea ofisini kwa nauli tu. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Wangapi kati yao walikuwa wamewahi hata kuiona kazi yenyewe kwa karibu?

Hapa Ujerumani ninakoishi, mwanafunzi wa miaka 14 au 15 hupelekwa na shule yake wiki mbili au tatu karakanani, duka la dawa au chekechea, akaone kazi. Akimaliza shule, zipo fani zaidi ya 300 zinazofundishwa kwa mkataba wa uanagenzi, Ausbildung: miaka miwili hadi mitatu na nusu, siku moja au mbili za wiki darasani, zilizobaki kazini, na malipo tangu mwezi wa kwanza. Aliyepitia chuo kikuu naye anapokelewa. Jirani yangu hapa Leipzig aliacha shahada ya historia, akaanza useremala akiwa na miaka 26, na sijasikia mtu akimwonea huruma.

Alinionyesha daftari ambalo kila mwanagenzi lazima aliandike. Wiki moja: kunoa patasi, kupima fremu ya dirisha, kuunga pembe. Pembeni fundi anayemfunza ameandika kwa kalamu nyekundu: pembe haijakaa sawa, rudia. Chini, sahihi mbili.

Nasi Tanzania daftari kama hilo tunalo. Kila aliyekwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, anaijua logibuku. Ila mara nyingi msimamizi huiona siku ya mwisho, akagonga mihuri kwa mkupuo, na wiki zote hizo kijana alikuwa akitoa fotokopi.

Sitamani kila kitu cha huku. Katika majimbo mengi watoto hutenganishwa shule wakiwa na miaka kumi tu, na hilo naliona ni dhuluma. Isitoshe, uanagenzi nyumbani upo: gereji zetu zimejaa vijana waliofunzwa na mafundi hodari bila karatasi yoyote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima na kuwapa vyeti kupitia urasimishaji ujuzi. Mlango huo upanuliwe, na mwenye shahada aingie humo bila kuitwa aliyefeli maisha.

Na wewe unayepokea wanafunzi wa field, Mwanza au Mbeya, tenga nusu saa kila Ijumaa. Soma alichoandika, msahihishe, kisha mwambie wazi kama unaona kazi hii inamfaa.