Sukuma Wiki ya Massachusetts

Jamani, mwaka wangu wa kwanza hapa Massachusetts nilikula tambi za pakiti mpaka basi. Mboga dukani bei yake usiseme. Ndipo wanne tukachanga, tukanunua hisa moja ya mkulima: unamlipa kabla hajapanda, halafu msimu mzima kila wiki unachukua kapu lako. Marekani mtindo huu ulianza 1986, hapahapa na New Hampshire. Shamba likiharibika, hasara ni yenu wote.

Agosti nyanya zikaliwa na ukungu. Nikanung'unika, pesa yangu! Kisha nikamkumbuka babu kule nyumbani, ambaye hasara huibeba peke yake. Nikanyamaza. Kapuni sukuma wiki ilijaa tele.

Wageni, changeni mapema. Hisa huuzwa wakati wa baridi.