Kusoma miteremko ya Singida

Juu ya majabali ya Singida upepo hukufikia kabla hujamaliza kupanda. Hutoka kusini-mashariki, na kiangazi haulegei. Nimesimama hapa nikitazama miteremko inayoshuka hadi Ziwa Singida, nikijiuliza kama mchezaji wa gofu: mtu akipewa ardhi hii, mashimo yake 18 ayapitishe wapi?

Mji huu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Mkwaju wa mita 200 katika kiwanja cha Lugalo, Dar es Salaam, hapa ungeongeza mita 10, pengine 20. Mashimo yarefushwe, basi, isipokuwa yale yanayokabili upepo.

Ila kinachoamua zaidi ni maji. Mvua ikipiga jabali haizami. Yote huteremkia kwenye kitako cha jiwe, na nyasi za hapo huchelewa kukauka. Hapo ndipo ningeweka grini, kando kidogo ya korongo. Udongo wa juu ni wa kichanga, mpira unadunda na kuviringika. Bondeni ni mbuga: udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Mbuga si ya kuchezea, ni ya kurushia mpira ng'ambo kwa mkwaju mmoja.

Kuna pia mteremko wa ubavuni. Anayetumia mkono wa kulia akisimama chini kidogo ya mpira wake, mpira huo hukimbilia kushoto. Mteremko kama huo usisawazishwe kwa tingatinga. Uachwe, na pawepo kijisehemu cha tambarare kwa atakayelenga vizuri. St Andrews kule Uskoti, kiwanja kilichopata mashimo 18 mwaka 1764, mabonde na vilima vya mchanga vilikuwepo kabla ya wachezaji, nao waliyafuata.

Chini yangu watu wanagonga kokoto. Ni riziki halali, lakini jabali moja naliombea libaki: lile pana, lililo peke yake katikati ya mteremko. Lingegawa njia mara mbili. Kushoto ni karibu, ila upepo unakupiga usoni na grini huioni. Kulia ni mbali, kuzuri, na kila mkwaju unauona unapotua.