Furaha ya Pasiansi

Mji ni kama mtu: una uso wa kazi na uso wa raha. Uso wa kazi huonekana sokoni, bandarini na ofisini. Uso wa raha huonekana jua likisha kuzama, mahali penye taa, muziki, chakula na vinywaji. Mgeni aujuaye uso mmoja tu huondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari aghalabu hudhuru kuliko ujinga mtupu. Mjinga huuliza njia. Mwenye nusu ya habari hudhani amekwisha kufika.

Mwanza, mji wa miamba katika ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, una nyuso hizi mbili kama miji mingine. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo mpaka wake hauonekani kwa macho ya mpita njia, zilikuwa na watu 1,104,521. Pasiansi ni kata ya Ilemela. Mtu atokaye katikati ya mji kwenda kiwanja cha ndege hupita Kirumba, penye uwanja mkubwa wa mpira na soko la samaki la Mwaloni, kisha huingia Pasiansi. Hapo pana chuo kifunzacho askari wa wanyamapori tangu mwaka 1966. Hapo hupita pia mvuvi na mchuuzi, mwanafunzi na dereva, mfanyakazi wa serikali na msafiri aliyeteremka kutoka angani saa moja iliyopita. Watu wa namna nyingi wakutanapo njia moja, hapakosi mtu wa kuwauzia chakula, wala hapakosi mtu wa kuwaimbia.

Mgeni afikaye huko jioni hulakiwa kwanza na pua yake. Nyama yachomwa huku, sato akaangwa kule, na moshi wa mkaa hauulizi mtu dini wala kabila. Karibu na saa moja jua huzama upande wa ziwa, miamba hugeuka rangi ya shaba, na viti vya plastiki hutolewa nje na kupangwa. Kisha masikio nayo hupata zamu yake, kwa kuwa kila baa ina kipaza sauti, na kila kipaza sauti kina maoni yake.

Baada ya pua na masikio, lugha nayo humtahini mgeni. Katika Kiswahili cha mitaani hoteli si lazima iwe nyumba ya kulala. Mara nyingi ni nyumba ya kula. Atakaye kitanda huuliza gesti. Grosari, ambayo kwa asili ya jina lake ingepaswa kuuza sukari na unga, yaweza isiwe na kitu ila bia. Hivyo mgeni aliyeshika sanduku akiuliza hoteli saa nne za usiku huweza kuonyeshwa sahani ya wali. Kosa si la mwonyeshaji. Maneno yalitoka ng'ambo, lakini yalipofika yalipewa kazi na wenyeji, na mwenye nyumba ndiye agawaye kazi.

Samaki aliye juu ya sahani ana historia ndefu kuliko mlo. Sangara si mzaliwa wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akakua, akaongezeka, akawala furu hata aina nyingi zikatoweka. Baadaye viwanda vilijengwa ufukoni kukata minofu ya kupeleka nchi za nje. Vichwa na mifupa iliyobaki ilipata jina lake Mwanza: mapanki. Yalikaangwa yakauzwa kwa wale ambao fedha yao haikufika kwenye minofu. Ulaya ilikula nyama, na mtaa ukala neno jipya pamoja na mifupa.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Ilionyesha mapanki, ndege za mizigo, marubani wa kigeni, watoto wa mitaani, na wanawake waliowaliwaza marubani katika baa za usiku. Ilisifiwa sana ng'ambo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kuwa imeipaka nchi matope. Wengi walichukua upande mmoja au wa pili, na kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Watu walioonyeshwa hawakubuniwa. Njaa yao ilikuwa njaa. Walakini, mji ambao pia una shule, arusi, kwaya, timu za mpira na wazee wacheshi hauwezi kutoshea ndani ya usiku wa watu wachache. Upande wa pili yupo mtalii wa siku hizi apigaye picha ya miamba, glasi yake na machweo, akaenda zake akisema amekuta watu wenye furaha. Yule aliona simanzi peke yake. Huyu aona raha peke yake. Wote wawili wameziba jicho moja.

Jicho la pili hufunguka mtu akiijua asili ya raha yenyewe. Wasukuma hawakungoja umeme ndipo wajue kustarehe. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma, hufanywa kila mwaka, mwezi wa Juni, sikukuu ya Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja na saa moja. Mwenye kuwavuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo mchezaji hujifunza si kucheza vizuri tu, bali kustaajabisha: huleta nyoka, huleta fisi wa kuchonga, huleta mzaha na dawa ya kupendwa.

Atazamaye baa za Pasiansi usiku wa Jumamosi, moja ikijaribu kuinyang'anya nyingine wateja kwa ukubwa wa sauti, huona kwamba mashindano ni yale yale ya kale, uwanja tu umebadilika. Lakini hapa ndipo penye tofauti, nayo si ndogo. Katika ngoma, aliyeshindwa ni chama, na chama hujipanga tena mwaka ujao. Katika vita vya vipaza sauti, aliyeshindwa ni jirani: mgonjwa, mzee, mtoto mwenye mtihani asubuhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilihesabu kelele kuwa uchafuzi kama moshi na maji machafu. Sheria hiyo haikukataza furaha. Ilisema jambo ambalo wazee wangalilisema kwa maneno machache zaidi, kwamba ngoma ina uwanja wake na usingizi una nyumba yake.

Wako wasomi wadhanio kuwa hapana sanaa panaponyweka bia. Dhana hii haisimami. Farid Kubanda, ajulikanaye zaidi kwa jina la Fid Q, kijana wa Mwanza, aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Mwanafunzi wa ushairi asikiapo jina hilo hujua mara moja kuwa mwimbaji wa mtaani amebisha hodi katika nyumba ya arudhi, naye hakuja kuomba. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ng'ambo ya maji hayo hayo, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi ya msichana wa kisiwani ambaye ulinzi mkali wa nyumbani haukumfundisha kuishi na uhuru wa mjini. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda. Leo hutajwa miongoni mwa riwaya kubwa za lugha hii. Mtaa wa raha umekuwa mwalimu wa fasihi, na fasihi imekuwa shahidi wa mtaa.

Shahidi mwingine hakai vitabuni. Mgeni mmoja mwanafunzi, akizunguka Pasiansi apate habari za wanamuziki, aliketi karibu na mama mkaanga samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ng'wadila."

Kijana aliifahamu salamu ya Kisukuma, akajibu, "Mhola." Mama akacheka, akamchagulia samaki mkubwa kidogo kuliko bei yake. Kijana akamwuliza kama muziki wa usiku humfurahisha.

Mama akageuza samaki kwanza, kisha akajibu: "Muziki ukiwa mzuri, watu hukaa, wakikaa, hula, wakila, wanangu huenda shule. Kwa hiyo naupenda. Lakini, mwanangu, wageni huuliza bei ya samaki, huuliza jina la mwimbaji. Sijasikia aulizaye aliyekaanga atalala saa ngapi."

"Nawe hulala saa ngapi, mama?"

"Saa nane. Na saa kumi na moja niko Mwaloni nangoja mitumbwi."

Kijana alitia hesabu kimya kimya: saa tatu za usingizi, na humo imo njia ya kwenda na kurudi. Hakuandika neno. Akala samaki polepole, kama mtu alaye kitu ambacho bei yake amekwisha kuijua.

Maneno ya mama yule hayamkatazi mtu kustarehe. Furaha ni haki ya mwenye kazi, na mtaa usiocheka ni gereza lisilo ukuta. Lakini furaha ya mtaa, kama mtumbwi, ina waketio na wapigao makasia. Mhudumu abebaye chupa hali miguu imevimba, mpiga gitaa alipwaye kwa ahadi, mlinzi asimamaye langoni wengine wakicheza, mfagiaji ajaye alfajiri kuokota vizibo: hao ndio makasia ya Pasiansi. Kuwalipa kwa wakati, kuwaita kwa heshima, kushusha sauti saa ya kulala, haya si mambo makubwa, wala hayahitaji filamu.

Kuzuru mahali si kuingia na kutoka. Mwenye kuzuru kweli huacha kitu zaidi ya fedha na huchukua kitu zaidi ya picha. Akiacha heshima na akichukua ujuzi, mtaa haukupunguka kwa kuja kwake. Na hata asiporudi tena, huwapo mtu ambaye, katikati ya moshi na muziki, aliulizwa habari ya usingizi wake.