Mto Usiofika Baharini

Nalifundisha jiografia katika shule moja ya Dodoma kwa muda wa miaka mingi, na kila mwaka naliandika ubaoni kwamba mto huanza mlimani na kuishia baharini au ziwani. Mwaka mmoja, katika mtihani, naliwataka watoto wataje mto wanaoujua na mahali uishiapo. Msichana mmoja, mwenyeji wa Bahi, akaandika: "Mto Bubu. Huishia mbugani kwetu, ukanywewa na jua." Nikampa sufuri. Tena, na hili ndilo liniumalo, nalilisoma jibu lake mbele ya wenzake, nao wakacheka sana. Tangu siku ile hakuinua mkono tena katika somo langu.

Basi, ndugu yangu mdogo ni mwalimu huko Maun, katika nchi ya Botswana. Mwezi wa Julai, mwaka 2017, naliondoka kwenda kumwamkia. Nalikwenda kwa basi hata Tunduma, nikapita Zambia, nikavuka mto Zambezi kwa pantoni pale Kazungula, maana daraja lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 2021. Sitawachosha kwa habari za njiani. Neno moja tu: kutoka Nata hata Maun nchi ilikuwa kavu, majani yamekuwa rangi ya simba, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Kwa hiyo nalishangaa kuona mto wa Maun umejaa maji, na watoto wakioga ndani yake.

Ndugu yangu akanieleza. Maji yale ni ya mto Okavango, na mvua yake hunyesha mbali, katika nchi ya juu ya Angola, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi. Mito ya Cubango na Cuito huyakusanya, yakapita kipande chembamba cha Namibia, yakaingia Botswana. Hapo ardhi ni sawasawa kama sakafu. Katika mwendo wa kilomita 250 hivi hushuka mita 60 tu, au karibu na hizo. Maji hayakimbii, hutembea kama mzee. Hata yafikapo Maun ni kiangazi, na ndipo wanyama wa jangwa la Kalahari huyajia kwa makundi.

Siku ya tatu twaliingia katika mtumbwi, ambao wao huuita mokoro. Zamani ulichongwa kwa gogo moja, kama la mwegea; siku hizi mwingi hutengenezwa kwa plastiki yenye nyuzi za kioo, ili miti isikatwe. Mwenye mtumbwi, mtu wa kabila la Wayeyi, alisimama nyuma akiusukuma kwa upondo mrefu. Mimi nalimwita "Rra", kama nilivyofundishwa, maana ndilo neno lao la heshima kwa mwanamume. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa juu ya maji kwa vidole vinne tu, nami sijui kuogelea.

Twalipita kati ya mafunjo na mayungiyungi. Maji yalikuwa meupe hata nikauona mchanga chini. Juu ya mti mkavu furukombe alilia, na kundi la lechwe, wanyama wekundu wa jamii ya kuro, wakaruka katika maji haya kana kwamba ni nchi kavu. Mara yule mzee akausimamisha mtumbwi. Mbele yetu, katika njia ya maji, yalitokea masikio mawili, kisha pua. Kiboko! Mwenzetu hakupiga kelele. Aliturudisha nyuma taratibu, akatuficha katika matete, tukakaa kimya yapata nusu saa, nami nikihesabu mapigo ya moyo wangu. Kiboko alipokwisha kwenda zake, mzee akasema (ndugu yangu akinifasiria), "Njia hii ni yake. Asipopita yeye, mafunjo yataiziba, nasi hatutapita." Baadaye nalisoma kwamba ndivyo ilivyo: viboko ndio waifunguao mifereji mingi ya pale.

Twalishuka kisiwani kula chakula. Pembeni palikuwa na miti mikubwa na mikindu, lakini katikati palikuwa peupe, hapana jani. Visiwa vingi vya namna hii vilianza kwa kichuguu cha mchwa. Miti huota juu yake, hunywa maji, na chumvi iliyomo hubaki ardhini, ikajikusanya katikati hata mimea ikafa. Lakini maji ya pande zote hubaki matamu. Nalionja udongo ule kwa ulimi. Ni chumvi kweli.

Habari ya hifadhi ya Moremi nitaitaja kwa ufupi. Iliwekwa mwaka 1963 na Batawana wenyewe, katika nchi yao, wakati Bibi Pulane Moremi, mjane wa chifu wao, aliposhika utawala. Waliona wanyama wanakwisha kwa bunduki. Mwaka 2014 UNESCO iliandika Okavango kuwa mahali pa 1,000 katika orodha yake ya urithi wa dunia, na wengi husifu hayo. Mimi nawasifu zaidi wale wa 1963.

Jioni, tulipokuwa tukirudi, nalimwuliza mzee, "Rra, maji haya yote huishia wapi?" Akaonyesha jua kwa kidevu, kisha mchanga wa ukingoni. Ni kweli. Katika madebe mia yaingiayo, hayatoki mawili au matatu kuendelea mbele. Mengine hupaa hewani au kuzama. Hakuna hata moja lifikalo baharini.

Nalinyamaza njia nzima. Ndugu yangu alidhani ni hofu ya kiboko.

Mwezi wa Septemba nalikwenda Bahi. Yule msichana sasa ni mama wa watoto watatu, naye hulima mpunga. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti. Nalimweleza habari za Okavango, nikamwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu. Akafikiri kidogo. "Ile sufuri nalikwisha kuisahau, Mwalimu," akasema. "Kicheko ndicho sikukisahau."

Kisha akamwita mwanawe mkubwa, akamwambia anipeleke nikaone mto uishiapo. Tulikuta udongo mweusi umepasukapasuka, na ng'ombe wakilamba chumvi.