Injini Iliyoshika



Pikipiki ya kigango chetu, huku Kamsamba, ilikaa miaka sita chini ya mwembe nyuma ya stoo. Ni Honda CG 125 ya zamani, tangi lake jekundu limepauka. Mtu aliazima plagi yake asiirudishe, na tundu likabaki wazi. Masika baada ya masika maji yakaingia. Ukikanyaga kiki, haikushuka hata kidogo. Mafundi husema injini imeshika.

Wakati wote huo katekista wetu, ambaye amevuka miaka sitini, alitembea kwa miguu. Anayelijua bonde hili anajua udongo wake mweusi wakati wa mvua: kila hatua unanyanyua kilo mbili za tope. Masika iliyopita mama mmoja mgonjwa aliomba padre. Katekista akatoka alfajiri kwenda kumwita paroko. Waliporudi, walikuta watu wamekaa nje kwenye mikeka.

Jambo hilo si geni katika Kanisa. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati, alimpoteza rafiki yake padre mmisionari katika nchi inayoitwa leo Namibia, kwa kukosa chombo cha kumwahisha hospitali. Mwaka 1927 akaanzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Kwa hiyo pikipiki ya kigango si pambo. Kuna mgonjwa anayeisubiri.

Nilipofika likizo mwezi Juni, halmashauri ya kigango ilikuwa imekubaliana kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mzee mmoja, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, akaomba apewe wiki tatu kwanza. Nami nikatumwa kumsaidia.

Siku ya kwanza vijana wa bodaboda walikuja na nyundo na bomba refu la kurefushia spana. Mzee akawakatalia. Akaniambia, "Frateri, ukipiga utapata kishindo tu." Akaeleza: ringi za pistoni ni za chuma, na ukuta wa silinda ni wa chuma, kwa hiyo kutu imezishikanisha. Lakini pistoni yenyewe ni ya aluminiamu, laini. Nyundo ingeipasua, na kutu ingebaki palepale.

Alichanganya dizeli na oili nusu kwa nusu, akamimina kupitia tundu la plagi, akaziba kwa kitambaa. Tukaondoka. Kila jioni tulirudi kuongeza kidogo. Siku ya nne tuliweka gia ya juu kabisa, kwa sababu katika gia hiyo gurudumu la nyuma lina nguvu zaidi ya kuizungusha injini. Tukalisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo. Halikutikisika.

Siku ya sita tulifungua hedi. Pistoni ilikuwa katikati ya silinda, na juu yake duara la kutu nyekundu. Mzee alilisugua taratibu kwa msasa laini. "Ikianza kutembea," alisema, "isikute mchanga njiani." Kisha tukazungushia blok matambara yaliyolowekwa maji ya moto, ili itanuke na mafuta yapenye. Akaweka kipande cha mninga juu ya pistoni, akagonga kama mtu anayebisha hodi usiku.

Siku ya tisa gurudumu lilisogea upana wa kidole. Nilitaka kulisukuma kwa nguvu. Mzee akaushika mkono wangu, akalirudisha lilikotoka. Mbele, nyuma, mafuta. Mbele, nyuma, mafuta. Jioni ile pistoni ilifika chini, ikapanda tena.

Kazi haikuishia hapo. Kutu ilikuwa imekula silinda, hivyo blok ilipelekwa Mbeya kuchongwa, ikafungwa pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita. Injini ya CG, iliyotoka mwaka 1976, imeigwa na watengenezaji wengi wa China, kwa hiyo vipuri havikuwa tabu: vilipatikana Tunduma. Waumini walichangia, wengine fedha, wengine debe la mpunga. Dizeli ilikuwa imepenya hadi chini, tukamwaga oili yote na kuweka mpya. Jumamosi moja ya Julai iliwaka kwa kiki ya saba, ikatoa moshi uliofunika mwembe mzima.

Nimefikiri sana juu ya Mzee yule. Katika vigango tutakakotumwa tutawakuta watu walioshika: ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya shamba, mzee aliyeacha kusali tangu amzike mwanawe. Nao wamekaa mvuani miaka mingi, tundu likiwa wazi. Kijana aliyetoka masomoni huja na bomba refu na nyundo, yaani hotuba kali na sheria. Hakosei kutaka injini iwake. Lakini mtu naye ni laini kuliko kutu iliyomshika. Anahitaji kutembelewa kila jioni, hata jioni zile ambazo hakuna kinachosogea, na akisogea upana wa kidole, asisukumwe.

Katekista sasa hufika katika jumuiya za mbali na kurudi kabla ya adhuhuri. Pikipiki bado inatoa moshi kidogo asubuhi. Plagi amefunga imara, na haazimi mtu.