Pipa la maji ya moto na mafundi watatu

Wamama wenzangu, anayekaa Masereka hahitaji kuelezwa baridi ya saa kumi na moja asubuhi, zaidi mwezi wa saba, wakati ukungu umelalia mashamba ya viazi na kila mtu anatoa mvuke mdomoni kama mvuta tumbako. Kwetu maji ya moto si anasa. Mzazi anakandwa nayo, mtoto mchanga anaoga nayo, na mama mkwe wangu hawezi kukunja vidole asubuhi mpaka avitie kwanza ndani ya beseni. Ndiyo sababu tulijenga jiko la matofali lenye pipa la chuma ubavuni, la lita 50 hivi, na bomba la kupeleka moshi juu ya manjanja. Ukipika sombe, maji nayo yanapata moto kwa kuni zilezile. Robine yake tuliitoa kwenye ndoo ya kunawia mikono iliyobaki tangu wakati wa Ebola.

Mwaka wa 2024, mwezi wa sita ulipokuwa unaisha, Kanyabayonga ilianguka, na wifi yangu akatufikia na watoto wawili na kifurushi kimoja cha nguo. Tukawa watu tisa nyumbani. Juma lilelile pipa likaanza kuvuja. Maji yalidondoka motoni, kuni zikazimika upande mmoja, na moshi badala ya kupanda ukaturudia usoni. Nilikuwa nikienda kufundisha na macho mekundu, wanafunzi wakadhani nimelia.

Fundi wa kwanza nilimpata kwa haraka, na haraka hiyo ni kosa langu. Alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Hakuinama hata kutazama chini ya pipa. Alisimama mlangoni, akasema, «Madame, hii ni kazi ndogo, nipe dola 15 za vifaa.» Nikampa zote. Kesho yake alikuja na simenti kidogo ndani ya mfuko wa sukari, akaipaka kwa nje, akaenda. Ilishika siku nne. Chuma kilipopata moto, simenti ikapasuka na kuanguka kama ganda la yai. Nilipompigia simu, ilikuwa imefungwa. Dola 15 kwa mwalimu, wamama, mnajua ni kitu gani.

Sasa nieleze usiku ule, maana ndio ulionifanya niandike.

Kwa kuwa jiko lilikuwa limekufa, tulichemsha maji juu ya mbabula. Jioni moja upepo ulikuwa mkali, watoto wa wifi walikuwa wanatetemeka, nikaona makala bado ni mekundu na hayatoi moshi hata kidogo. Nikasema ni hasara kuyaacha nje. Nikaingiza mbabula ndani ya chumba walimolala watoto wanne pamoja na wifi. Dirisha tulikuwa tumelifunga na kuziba nafasi kwa nguo kuukuu, juu ya baridi na juu ya kuogopa wezi. Mlango nao tukaufunga.

Kama saa saba za usiku mama mkwe aliamka kwenda nje. Alisikia mtoto anatapika. Akasukuma mlango, akamwita wifi, hakuitika vizuri, alikuwa anaongea kama mlevi. Yule mzee hajasoma darasa hata moja, lakini alitoa mbabula kwanza, akaacha mlango wazi, kisha akaniita tuwabebe watoto nje mmoja mmoja kwenye baridi ileile niliyokuwa naikimbia. Mdogo alikuwa mlegevu mkononi kama kitambaa kilicholowa. Nilimwita jina lake mara sijui ngapi kabla hajalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Mapambazuko tulikuwa kwa waganga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ni malaria. Vipimo vikakataa. Muuguzi akaniuliza swali moja tu: «Wote waliumwa kichwa saa moja, katika chumba kimoja?» Kisha akauliza tulichoma nini. Alinieleza kwamba makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia ndani ya damu na kukalia nafasi ya hewa nzuri, mtu anasikia kichwa kizito, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unamchukua, na wengine hawaamki. Watoto wachanga na wenye mimba huumia zaidi. Na makala yasiyotoa moshi, yale niliyoyaamini, ndiyo yanayodanganya watu. Mimi ninayefundisha watoto kwamba moto unakula hewa! Nililifundisha ubaoni, nyumbani nikalisahau.

Watoto wote walipona. Wifi alibaki na maumivu ya kichwa siku mbili.

Fundi wa pili alikuja na shauri la kubadilisha pipa zima. Huyu alikuwa mwenye heshima, alileta hata pipa lenyewe begani. Mama mkwe akatia pua ndani na kurudi nyuma: lilinuka dawa ya kupiga kwenye kabeji. Fundi akasema atalichoma moto litakuwa safi. Nikakataa. Basi akatoa shauri la pili, kuziba tundu la pipa letu kwa risasi, si ile ya bunduki, ni ile inayoyeyushwa kutoka kwenye batri za magari zilizokufa. Hiyo ni sumu inayoharibu akili ya mtoto polepole, na watoto wangu wakioga hunywa maji ya beseni. Nikamlipa pesa ya njia, tukaagana vizuri.

Hapo nikabadilisha namna ya kuuliza. Katika mkutano wa AVEC yetu, ukiuliza «nani fundi mzuri?», kila mama atamtaja mtoto wa dada yake, na si kwa ubaya. Mimi nikauliza, «Nani ana kitu kilichotengenezwa na fundi na kimepita majira mazima ya mvua? Nije nikione.» Kukawa kimya. Halafu mama mmoja akainua mkono. Nilikwenda kwake siku ya pili, nikaona jiko, nikashika bomba, nikauliza kama fundi alipoitwa tena alirudi. Alirudi mara mbili, mara moja bila malipo.

Alikuwa papa mmoja mzee mwenye nyundo ndogo. Hakutaja bei. Alisema tuzime moto, akarudi kesho jiko likiwa baridi. Akagonga pipa pole pole pande zote akisikiliza, kama mganga anavyogonga kifua. Akawasha karatasi chini ya bomba: moshi haukupanda. Akapanda juu ya nyumba, akateremka na masizi mkono mzima na majani ya kiota cha ndege. Bomba lilikuwa limezibwa, tena lilikuwa fupi, chini ya kilele cha manjanja, hivyo upepo uliurudisha moshi. Na tofali lililokinga pipa na ndimi za moto lilikuwa limeanguka.

«Madame, na maji je, huwa yanaisha ndani, moto ukiwaka?»

Nikawatazama watoto. Watoto wakatazama chini.

Ndipo akataja bei: dola 12, mimi nitafute udongo na mchanga. Tuliandika kwenye karatasi ya kaye: theluthi mwanzoni, theluthi bomba likisimama, theluthi ya mwisho baada ya jaribio. Pipa alilipeleka kuungwa kwa mashine, kisha tukalijaza maji bila moto usiku kucha, na majivu makavu chini yake. Asubuhi majivu yalikuwa makavu. Nikalipa. Sasa bomba tunalisafisha kila mwezi, maana kuni zetu za mikaratusi mara nyingi ni mbichi, na hazimaliziki kukauka.

Yule kijana wa kwanza nilikutana naye sokoni mwezi wa tisa. Kumbe mtoto wake ameingia darasa langu. Alinisalimu mbali, «Madame, habari ya masomo?» Nikamjibu kwamba masomo ni mazuri, mtoto anajua kutoa na kujumlisha, nikamwuliza 15 tukitoa zero inabaki ngapi. Alicheka, akatoa dola 5. Nimeandika kwenye kaye: bado 10.