Safu ya Mama na Tarakilishi Nane

Kwanza niungame, msomaji mpendwa, kwamba ombi la mhariri wa jarida hili lilinitia kiwewe. Nimekuwa mtafiti na mhadhiri wa sayansi ya tarakilishi kwa takriban miaka ishirini, na katika muda huo wote sijawahi kuieleza kazi yangu kwa Kiswahili mbele ya wasomi. Nimeandika kwa Kiingereza, nimefundisha kwa Kiingereza, hata kugombana na wenzangu nimegombana kwa Kiingereza. Mtu pekee aliyewahi kunidai maelezo kwa Kiswahili ni mama yangu mzazi, naye jibu langu halikumridhisha. Makala haya ni jaribio la pili. (Neno tarakilishi nalitumia kwa heshima ya chama, kwetu nyumbani Mama husema kompyuta, nami simsahihishi.)

Uwanja wangu ni uchakataji sambamba na uchakataji mtawanyo. Katika ule wa kwanza, kazi moja kubwa hukatwa vipande, vikafanywa kwa wakati mmoja na vichakataji vingi vilivyo karibu, aghalabu vikitumia kumbukumbu moja. Katika ule wa pili tarakilishi zimetengana, kila moja ina kumbukumbu yake, na hakuna ijuayo hali ya mwenzake ila kwa ujumbe. Wahenga waliyaona haya yote. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha wakasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Maisha yangu ya utafiti yamepita kati ya methali hizo mbili.

Kwetu ni Konoin, katika Bomet ya leo, lakini nililelewa kambini Kericho, ambako Mama alikuwa mchumaji katika shamba mojawapo kubwa la chai. Kambini tulikuwa Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii, basi lugha ya bombani, ya mizani na ya ugomvi wa watoto ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha kamusi, ila kilitosha kumwambia mtu kilo zake ni ngapi, na kilitosha kumbishia.

Mchumaji huamka kungali giza. Hujifunga aproni ya plastiki ili umande usimloweshe, hutwaa kikapu mgongoni, kisha hupewa safu zake. Huchuma majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili ikifanya kazi huku macho yakichagua, na konzi ikijaa hurushwa nyuma ya bega bila kugeuka. Malipo ni kwa kilo. Jani likishachumwa halisubiri mtu: likishindiliwa kikapuni hupata joto, hubadilika rangi, na kiwandani hutoa chai dhaifu. Kwa hiyo shamba zima, lenye mamia ya mikono, hukimbizana na saa.

Likizo za Desemba nilikuwa nikimsaidia karani bandani, kumsomea nambari za wachumaji. Ya Mama ilikuwa 417. Mvua zikikolea chai huchipuka kwa fujo, nyapara akaongeza vibarua. Nami nilistaajabu kwamba siku za vibarua wengi ndizo siku tulizochelewa zaidi kufunga banda. Mizani ilikuwa moja. Karani alikuwa mmoja. Foleni ilirefuka, watu wakasukumana, mmoja akadai kilo zake zimepunjwa, karani akaacha kupima ili abishane naye, na lori likangoja likinguruma. Jambo hilo niliona kwa macho yangu wala sikulielewa.

Nililielewa mwaka wa 2003. Nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza, na kwa kuwa hatukuwa na fedha za mashine kubwa, niliomba tarakilishi kuukuu zilizokuwa zimetupwa stoo, nikaunganisha nane kwa waya. Wazo halikuwa langu. Mwaka wa 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, walikuwa wameunganisha vichakataji 16 vya kawaida, vya aina iliyouzwa madukani, wakaiita mashine yao Beowulf, na wakaonyesha kwamba mtu asiye na mali ya serikali kubwa anaweza kujitengenezea tarakilishi kuu ya kadiri yake. Kwetu sisi wa vyuo maskini habari hiyo ilikuwa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Nikaandika programu yangu. Kwa tarakilishi moja kazi ilichukua dakika 40. Kwa nne, dakika 13. Nilifurahi nikawaita wenzangu waje washuhudie nane. Dakika 17! Nilirudia usiku kucha, nikibadilisha waya, nikiilaumu programu, nikiulaumu umeme. Karibu na alfajiri nikaona kinachotukia: tarakilishi zote nane zilikuwa zikipeleka majibu yake kwa moja iliyoyajumlisha, nayo ilikuwa ikipokea moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimejenga banda la mizani.

Gene Amdahl, mbunifu wa tarakilishi wa Marekani, alikuwa amelieleza chimbuko la tatizo hili tangu mwaka wa 1967. Hoja yake ni nyepesi mno hata inaudhi. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi hata ukileta tarakilishi milioni moja, kazi haitaharakishwa zaidi ya mara kumi. Ile sehemu isiyogawanyika huwangoja wote. Ongeza juu yake gharama ya mazungumzo, yaani foleni na kusukumana kule bandani, na wingi unaweza hata kukurudisha nyuma. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha mashine yake yenye vichakataji maelfu, swali langu la kwanza ni moja: mizani iko wapi?

Masomo ya uzamifu yalinipeleka Ulaya, na huko nikazama katika suala la mgao: kazi igawanywe vipi ili tarakilishi moja isikae bure ilhali jirani yake amelemewa? Njia iliyonivutia kuliko zote hujulikana kama wizi wa kazi, na nadharia yake iliwekewa misingi imara katika miaka ya 1990 na Robert Blumofe na Charles Leiserson wa MIT. Kila kichakataji kina foleni yake ya kazi. Kikiishiwa, huchagua kingine kwa bahati nasibu na kuchukua kazi kutoka kwenye foleni yake. Utamu wake uko hapa: mwenye foleni huchukua kazi kwa upande mmoja, mwizi huchukua kwa upande wa pili. Hivyo ni nadra wagongane, na ni nadra mmoja alazimike kumngoja mwenzake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Nilikuwa nimekwisha kuiona.

Jirani wa Mama safuni alikuwa mama wa Kisii, na mwaka mmoja alikuwa mjamzito, mzito, akibaki nyuma kila siku. Mama akimaliza safu zake alizunguka hadi mwisho wa safu ya yule mwenzake, akaanza kuchuma akimjia. Nilimwuliza kwa nini asianzie pale mwenzake alipo. Alinijibu, "Nikianzia alipo tutagongana vikapu. Tena atadhani namfukuza." Wakikutana katikati, Mama aliyamimina yale majani katika kikapu cha mwenzake.

Tasnifu yangu ina kurasa 180. Humo nimewataja wote ninaowiwa kitaaluma, hata watu ambao sikukubaliana nao. Mama nilimtaja katika ukurasa wa shukrani tu, kwa kunilipia karo. Sijui ningemtaja wapi kwingine. Fani yetu haina utaratibu wa kumnukuu mchumaji. Lakini kila niufunguapo ukurasa ule huona haya.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2023 vijana walivamia mashamba ya chai Kericho na kuteketeza mashine za kuchumia. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Mwaka wa 2010 wafanyakazi walikuwa wamegoma kwa sababu ya mashine hizo hizo. Mwenye shamba husema gharama ya vibarua imepanda na soko halimwonei huruma. Mchumaji husema mashine moja, ikishikwa na watu wachache, imemwondolea mkate yeye na wenzake wengi. Mimi siwezi kuisifu kazi ya kuchuma kana kwamba ni ngoma. Nimeviona vidole vya Mama vilivyopasuka na mgongo wake uliopinda, na ni yeye aliyeapa kwamba katu mtoto wake hatabeba kikapu.

Agosti ya mwaka huo nilikwenda kumwona Konoin, alikostaafia, penye kijishamba chake cha chai. Tulikuwa tumeketi jikoni. Akaniuliza, "Mwanangu, zile mashine zilizochomwa, ni nyinyi wa kompyuta mlizitengeneza?"

Nikamweleza kwamba zile ni injini na visu tu, hazinihusu. Kazi yangu mimi ni kugawa hesabu kwa tarakilishi nyingi zisaidiane. Nikamtolea mfano wa wizi wa kazi, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kwamba jambo lile nililiona kwake. Alisikiliza kwa makini, akatabasamu kidogo.

"Na hiyo kompyuta ikiisha kumsaidia mwenzake, majani yanakwenda kikapu cha nani?"

Nikasema kwamba huko hakuna vikapu viwili, Mama. Matokeo yote ni ya mwenye kazi. Lengo ni kazi iishe upesi.

"Basi si kama yetu," akasema. "Sisi kazi haikuwa iishe. Ilikuwa kila mtu afikishe kilo zake."

Nimehudhuria makongamano mengi, nimeulizwa maswali na watu wenye majina makubwa, wala sikumbuki swali lililonifungia njia kama lile. Katika hesabu zangu zote kichakataji kilichopokonywa kazi hakilali njaa. Hatuna herufi ya kukiwakilisha hicho. Nilijaribu kusema kwamba mtu aweza kubuni mgao unaojali haki, na kwamba wapo wanaoutafiti, jambo ambalo ni kweli. Mama alikuwa amekwisha kuinuka.

Alinipa kikapu. Siku ile ilikuwa zamu ya kuchuma chai yake, na lori la kiwanda lingepita kituoni kabla ya saa tisa. Hakusema lolote juu ya kile kiapo chake. Akaanzia upande wa juu wa safu, nami nikazunguka nikaanzia chini, nikamjia polepole, maana vidole vyangu vimezoea kubonyeza. Tulipokutana alichungulia kikapuni mwangu, akachomoa majani magumu niliyoyang'oa kwa pupa, akayatupa moja moja kati ya michai, kisha akayamimina yaliyobaki katika kikapu chake.